Mipira Isiyoogopa Mvua

Kindu, Kasuku, tarehe 12 Oktoba 1986

Kwa dada yangu mukubwa, Yaya Mwanahamisi, Buyenzi, Bujumbura

Yaya, nimekukosea. Naanza na hilo mbele ya salamu, juu nikianza na salamu nitaongea habari ya watoto, habari ya mvua, karatasi itaisha na sijasema.

Ile mipira yako mine ya motokari, uliyotuma na mashua mpaka Kalemie na train mpaka hapa, nimeifungua. Uliniandikia: Bulaimu, hii njo amana, iweke ndani ya gunia mbali na jua mpaka nifike na gari ya marehemu mume wangu. Nilikubali. Nilipokea mikononi mwa Donatien wa train, bibi yangu Mwavita, mama wa watoto, anaona, Muzee Musafiri wa musikitini anaona, na nilisema kwa kinywa changu, amana imefika. Ikalala ndani ya chumba cha watoto, watoto wakahamia kwetu. Nilikuwa napita pale kama muntu anayepita mbele ya nyumba ya mama mukwe. Sikutazama.

Halafu mvua ya mwezi wa tisa ikaanguka. Yaya, umetoka hapa zamani, pengine umesahau: njia ya kwenda port inageuka sabuni. Kamio ya kubeba muchele ililala kati ya njia, Jumamosi yote ya salongo, kazi ya pamoja, watu badala ya kukata majani walikuwa wanasukuma kamio. Na mipira ya Renault yangu, ukiiona utacheka, imekuwa laini kama kichwa cha Muzee Musafiri. Nilirudi nyumbani na matope mpaka kwenye masikio. Nikasema nitafungua gunia moja tu, nitazame tu.

Yaya. Naendesha motokari tangu nikiwa kijana, nilidhani mupira ni mupira. Huu umechorwa kama mukono wa bibi-arusi siku ya hina. Mistari inaingia, inapinda, inatoka kando, kila mustari unajua unakokwenda. Ndani ya ile mikubwa kuna mingine miembamba, kama wembe umepita. Nikamwita Kalume, ni mekanisie, fundi wa motokari hapa nyuma ya soko, nikamuuliza, hii midogo ya nini? Anasema mikubwa inatupa maji inje, midogo inauma ardhi. Anasema ndani kuna waya za chuma zimesukwa kama mukeka. Anasema mupira huu unaweza kukimbia siku nzima kwa vitesi, kwa mbio ambayo Renault yangu haijaota. Na hauna shambrere! Pumzi inakaa ndani yenyewe tu, bila mufuko wake.

Avenue yote ilikuja kuona. Mama mumoja wa soko aliinama akanusa, akasema, "Ah, hii bado inanuka Ulaya." Muzee Musafiri akauliza unatumika wakati gani, wa mvua ama wa jua. Kalume akasema zote mbili. Muzee akazunguka mupira, fimbo nyuma ya mugongo, akasema, "Kiatu kimoja cha matope na cha mavumbi! Aliyekishona, usiku wake ulikuwa murefu." Hakuna aliyecheka.

Sasa kosa lenyewe. Sikuishia kutazama. Nilifunga miwili mbele ya Renault yangu, kwa sababu Renault yangu na ya marehemu mume wako Sudi njo mapacha, inaingia bila shida. Nikaenda mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Mara moja. Miwili mingine haikutoka ndani ya gunia.

Nisamehe, Yaya. Sikulala vizuri tangu siku ile.

Mudogo wako,
Bulaimu


Buyenzi, 27 Oktoba 1986

Mdogo wangu Bulaimu,

Barua yako imenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza nina mgeni gani. Mtu ananiandikia kutoka Kindu kwamba amefungua gunia! Hapa Buyenzi nawajua wanaume waliokula duka zima la yatima na Ijumaa wako safu ya kwanza. Wewe umekwenda uwanja wa ndege na kurudi, unakosa usingizi. Nimekusamehe. Barua yako nimewasomea wanawake wenzangu wa soko, wote wamesema, huyo ndiye wa kumpa usukani. Kwa hiyo nimekata shauri: gari ya Sudi ikifika Kindu, dereva wake ni wewe. Nilikuwa bado nafikiri. Sasa sifikiri tena.

Na kwa vile umeiona hiyo mipira, nikuambie nilivyoichagua.

Nilikwenda dukani kwa Mgiriki mmoja, karibu na soko kuu. Kwanza akaniletea ya bei rahisi, migumu, akasema hii haiishi. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikamwambia, haiishi kwa sababu haigusi kitu. Akaniletea ya matope, ina meno kama mamba. Nikauliza, na kwenye jua? Akasema itapiga kelele na kutetemeka, utafika meno yote yanauma. Nikamwambia, bwana, njia ya kwetu haina majira. Asubuhi inakupa vumbi, saa nane inakupa mto. Ndipo akapanda ngazi akateremsha huu. Akasema, mama, huu ni wa majira yote, na umetengenezwa kwa mbio pia. Nikamwambia mimi mjane, sina haraka ya kwenda popote. Akasema mpira wa mbio si wa kukimbia tu, ni wa kusimama na kukata kona: unaposhika breki, unakusikia. Lakini hakunificha. Alisema utaisha upesi kuliko ule mgumu, na kwenye matope marefu ule wa meno utaushinda. Nilimpenda kwa hilo. Nilirudi kwake tena na tena, kila mara nakuja na swali, mpaka mkewe akanitazama vibaya.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu wa kwetu. Unajua Sudi alikufa njia ya ziwani, mvua inanyesha. Wote tulisema ni mvua. Mgiriki akaniuliza gari ilikuwa na mipira gani siku hiyo. Nikasema mbele mipya, nyuma ya zamani, Sudi alisema gari yetu inavutwa na mbele kwa hiyo mbele ndipo pa kuvalisha. Mgiriki akafuta mikono yake kwa kitambaa, muda mrefu. Akasema: mama, haikuwa mvua. Mbele ikishika na nyuma isiposhika, nyuma inataka kupita mbele. Gari inajigeuza yenyewe, na mtu aliyeshika usukani hana la kufanya.

Kwa hiyo shika neno hili. Mipira hii inafungwa yote minne. Ukiwa na miwili tu, inafungwa nyuma. Nyuma, Bulaimu. Hata kama gari inavutwa na mbele, hata kama fundi anacheka.

Nitakuja kabla ya Ramadhani. Gari hiyo, mafundi wameshainyoosha, ndiyo kitu alichoniachia Sudi. Wakati wa mvua, magari yenu yanapolala, mimi nataka ipite, Kindu na Kalima, Kindu na Kalima. Ikipita, nina kazi na nina nyumba. Isipopita, mimi ni mjane aliyerudi kwao kukaa jikoni kwa watu. Mnitunzie.

Yaya wako,
Mwanahamisi


Kindu, 26 Novemba 1986

Yaya,

Nimekukosea tena, na kosa la kwanza sikumaliza kulisema.

Niliandika kwamba nilikwenda uwanja wa ndege mara moja. Ni kweli nilikwenda. Lakini nikirudi sikufungua mipira. Nilisema kesho. Kesho mvua ikanyesha, nikasema keshokutwa. Muntu akishaonja njia bila kuogopa ni vigumu kurudi kwa woga. Nilikuwa naona wenzangu wanashuka, wanavua viatu, wanasukuma, na miye napita polepole, nawapigia honi ya salamu. Ule mutelemuko wa port, ambapo kila mwaka motokari moja inaingia kwenye duka ya mafuta, nilikuwa nashika freni na motokari inasimama. Inasimama tu! Kama imesikia jina lake. Nilirudia hata bila kazi, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka polisi mumoja akaniuliza, "Citoyen, umepoteza nini huku?"

Na iko kubwa zaidi. Niliipeleka Kalima kwa Maulidi.

Watu wa Kalima walikuwa wamealika wanawake wetu wa madufu, Mwavita njo anaongoza. Kamio iliyoahidiwa haikuja. Wakakaa kwenye mulango wa musikiti na nguo zao nzuri, madufu yamefunikwa na kitenge yasilowe mvua. Mwavita alinitazama. Nikasema pandeni. Muzee Musafiri alikaa mbele, wanawake nyuma wamebanana kama mikate. Tukavuka muto na bac mpaka Alunguli, tukaingia njia ya Kalima.

Yaya, kuna mulima mumoja wa udongo mwekundu, unaujua, ule kabla ya mashamba ya mihogo. Chini tukakuta makamio yamekaa, moja nyuma ya lingine, mashofere wengine walikuwa wamelala pale tangu juzi na wamepika ndege wa porini. Shofere mumoja akasimama juu ya tope akapiga kelele:

"Wee, motokari ya arusi! Unapeleka wapi mama zetu? Nafasi iko hapa, njoo tukae wote, tuna chumvi!"

Mwavita akatoa kichwa inje: "Kaka, chumvi yako itie kwenye tope lako ulile! Siye tunakwenda kwa Mutume!"

Wakacheka wote, lakini wakasogea kando ili waone nikianguka. Nikatia vitesi ya pili, gia ya kupandia. Nilikuwa nangoja ile sauti ya mupira unaotafuta ardhi na haupati, unaijua, kama muntu anayekwangua chungu. Haikuja. Motokari ilipanda. Tope lilikuwa linaruka pembeni kama maji mbele ya mutumbwi, na chini yake nikasikia, kwa mikono yangu iliyoshika volan, mupira unakamata, unaacha, unakamata. Muzee Musafiri alikuwa na macho wazi na midomo inatembea. Halafu nusu ya mulima Mwavita akafunua dufu lake, akapiga. Mumoja akaitikia. Tukafika juu tunaimba, Yaya, tukimusalia Mutume, na kule chini wale mashofere wote walikuwa wamevua kofia. Sijui kama ni kwa ajili ya Mutume ama ya mipira.

Tulifika Kalima. Walitupokea kama watu waliotoka juu ya mawingu. Tulisoma Maulidi, tukala, siku ya pili tukarudi. Hiyo njo yote.

Barua yako nimepata. Nakushukuru kwa kunisamehe na kwa hiyo kazi ya shofere, lakini usifanye haraka.

Mwavita anakusalimia. Mukono wake unamusumbua, njo maana haandiki.

Bulaimu


Buyenzi, 14 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Nilitaka kukukasirikia. Nilianza barua ya matusi, nikaifikisha mstari wa tatu, nikarudi kusoma tena pale mlimani, na kalamu ikanishinda.

Unajua nilikuwa naogopa nini? Kwamba Mgiriki alinidanganya. Mtu anasimama dukani, anaona mpira umening'inia ukutani, umependeza, anaambiwa maneno. Nani amewahi kuupanda mlima ule? Usiku nilikuwa nawaza, mwanamke mjinga, umechukua urithi wako wote ukanunua michoro. Na sasa unaniambia umepita pale makamio yalipolala. Na watu wazima ndani! Na Maulidi! Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Niliguswa mgongoni na kitu, sijui nikiite nini.

Basi nimefanya. Nafasi yangu ya soko nimemwachia Pélagie, jirani yangu wa biashara, siku zote aliitaka. Chumba nimetoa taarifa kwamba nahama. Sitangoja Ramadhani ikaribie. Gari itapanda mashua tarehe tisa mwezi wa tatu na mimi pamoja nayo. Imevaa makombo ya mipira ya kuifikisha bandarini tu. Kindu ndipo itavishwa mipira yake minne, na kesho yake tunaanza kazi.

Sasa ifungue hiyo miwili, uioshe kwa maji matupu, usitie mafuta ya taa wala nini, uirudishe ndani ya gunia na wenzake. Ulipita salama kwa sababu Mungu alikuwa anasikiliza madufu. Usimjaribu tena. Nilikuambia miwili inakaa nyuma, na nina hakika barua yangu ilikufikia baada ya safari, la sivyo usingefanya vile.

Mwavita ana nini mkononi? Ni baridi yabisi? Namtumia mafuta ya karafuu kwa mkono wa Donatien. Asugue jioni na afunge kitambaa cha joto. Mwambie nataka anipigie dufu siku ya kufika.

Mwanahamisi


Kindu, 25 Januari 1987

Wifi yangu Mwanahamisi,

Salamu mingi. Mafuta yamefika, harufu yake imejaa nyumba mpaka paka ametoka. Nimesugua. Hii barua unayoisoma njo ya kwanza kuandika na mukono huu tangu uvunjike, kwa hiyo samehe herufi zimelala. Vidole viwili bado havisikii. Mwanamuke mwenzangu Safi anashika dufu langu kwa sasa, anapiga kama anatwanga majani ya pondu, lakini anajaribu.

Wifi, naandika juu ya jambo moja. Ninakushukuru. Bulaimu aliniambia amekuandikia yote ya kule daraja, na kwamba umemusamehe. Sikuamini. Nilisema, muntu gani anaweza kusamehe hiyo, mipira yake imepasuka, kazi yake imeharibika kabla ya kuanza? Halafu mafuta yakafika, nikajua ni kweli. Nililia, Wifi. Miye mwenyewe bado sijamusamehe, na ninalala naye.

Sasa unajua, lakini acha niseme na miye kwa kinywa changu. Wakati tunarudi alikuwa anakwenda mbio. Alikuwa na furaha, watu wa Kalima walikuwa wamemusifu sana. Pale pa kushuka kwa daraja akashika freni, na mbele ikasikia lakini nyuma ikakataa. Nyuma ikatupita, Wifi. Niliona makamio ya nyuma yetu kwenye kioo cha mbele. Mukono wangu ulikuwa kwenye mulango. Wengine hawakuumia, Mungu mukubwa, Muzee Musafiri alipoteza fimbo tu.

Bulaimu siku hizi anakaa na ile mipira miwili iliyopasuka, anaitazama. Ukifika, umusemeshe pole pole. Ameanza kukonda.

Wifi yako,
Mwavita


Buyenzi, 6 Februari 1987

Bulaimu,

Nimepata barua ya Mwavita. Ananishukuru kwa kusamehe kitu ambacho sikuwahi kuambiwa.

Sina maneno mengi. Sudi alikufa vile vile. Nyuma ilimpita. Nilikuandikia hilo, jambo ambalo sikumwambia hata mama yetu kabla hajafa, nikakuandikia wewe ili usife.

Nafasi ya soko nimekwisha kuitoa. Chumba kina mtu mwingine kuanzia mwezi wa tatu. Nina gari bila mipira na mlima unanisubiri.

Nijibu swali moja tu, na usinipambie. Barua yangu ilikufikia kabla ya safari ya Kalima, au baada?

Mwanahamisi


Kindu, 17 Februari 1987

Yaya,

Kabla.

Ilifika siku mbili kabla. Donatien aliniletea mwenyewe. Niliisoma mara mbili, pale pa Sudi nikaisoma tena. Nililia kwa ajili ya Sudi. Halafu nikaenda kwa Kalume, nikamwambia, tuhamishe mipira nyuma. Kalume akacheka: "Muzee, nani anavaa viatu vipya akatembea kinyumenyume?" Ningeweza kumwambia, Yaya wangu amesema, na mume wake alikufa. Kalume ni muntu, angenisikia. Sikumwambia.

Na sababu si Kalume. Usinihurumie hapo. Sababu ni hii: motokari ikiingia Kalima, watu wanatazama mbele. Kwanza taa, kwanza uso, kwanza mipira ya mbele. Nyuma hakuna anayetazama, nyuma kuna mavumbi. Nilitaka waione. Nilitaka waseme, huyu Bulaimu, ametoka wapi na kitu kama hicho. Na waliyasema, Yaya, walisema yote niliyotaka. Kwa ajili ya hayo maneno niliwapakia bibi yangu na muzee wa watu na wanawake wa Mutume ndani ya motokari ambayo nilikuwa nimeambiwa kwa barua kwamba inaua.

Na ile miwili ndani ya gunia, nitakuambia pia kwa nini sikuifunga yote mine, jambo ambalo lingetuokoa. Niliiacha ili muntu akiniuliza, amana ya Mwanahamisi iko wapi, niseme iko nyumbani, na nisiwe muongo. Nilikuwa nachunga ulimi wangu badala ya kuchunga mali yako. Nilipokuandikia barua ya kwanza nilikuwa nimekaa mbele ya mulango, mipira yako iko kwenye motokari mbele ya macho yangu, ina tope mbichi, na ninaandika "mara moja". Ukanisifu. Kila ukinisifu nilishindwa kuendelea kusema. Hilo si kosa lako.

Mwavita nilimdanganya pia. Nilimwambia umeshajua, ili aache kunitazama.

Sasa acha nikuambie kitu kimoja ambacho sijamwambia muntu, si kwa kujitetea. Ni haki yako kujua ulichonunua.

Nyuma ilipotupita, motokari ilizunguka, ikatoka kando ya daraja. Nyuma yote ilikuwa juu ya muto, haina kitu chini. Nilisikia maji. Nilingoja tuanguke. Hatukuanguka. Nikatazama: ile miwili ya mbele ilikuwa juu ya magogo ya daraja, imeyauma. Misumari mikubwa ya daraja ilikuwa imeingia ubavuni mwake, mumoja upande huu, mumoja upande ule, pumzi ilikuwa inatoka polepole kama muntu aliyelala, magogo yana utelezi wa mvua, na bado imeshika. Inakufa na imeshika. Mwavita alitoka kwanza na mukono wake umening'inia, halafu wanawake, mumoja mumoja, wanapita juu ya mabega yangu kutokea mulango wa mbele. Muzee Musafiri alikataa kutoka kabla yangu, nikamsukuma. Miye wa mwisho. Nikakaa njiani, mvua inanipiga. Wale mashofere wa kamio walifika, wakafunga kamba, wakavuta. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Yule wa chumvi akainama, akaweka mukono juu ya mupira uliopasuka, akauacha pale, kama unavyoweka mukono juu ya mutoto mwenye homa. Akasema, "Huu ulikuwa na huruma kuliko shofere wake." Nikamwambia ndiyo.

Yaya, nimeogopa vitu vingi katika maisha yangu, askari, wakubwa wa serikali, radi. Sikujua kwamba siku moja nitaogopa mupira kwa heshima, kama unavyomuogopa muntu muzuri uliyemudhulumu. Niliiba kitu, na kitu kile kikanichunga. Sijui kuandika zaidi ya hapo.

Nisamehe ama usinisamehe, sitaliomba katika barua hii. Nimeshaomba nikiwa nadanganya, neno limechakaa.

Nitakalofanya njo hili. Renault yangu nimemuuzia Kalume, ametengeneza mulango na ameilipa yote, haiko tena kwangu. Ile miwili mizima iko ndani ya gunia, sijaifungua. Keshokutwa napanda nayo kwenye train, nalala juu yake mpaka Kalemie, karatasi ya kuvuka mupaka nimeshapewa. Jumamosi tarehe 28 ya mwezi huu, kabla ya adhuhuri, nitakuwa Buyenzi kwenye mulango wako. Utanipeleka kwa Mugiriki wako, ama utaniambia njia niende peke yangu. Kwa pesa ya Renault nitanunua miwili mingine, pacha wa hii, atuoneshe yeye mwenyewe. Siku hiyo hiyo, kabla jua halijashuka, itafungwa yote mine kwenye gari ya Sudi, weye umesimama unaona, nyuma kwanza. Gari itapanda mashua tarehe tisa ikiwa imevaa.

Sitaomba volan. Tafuta shofere umutakaye. Miye nitakaa kiti cha nyuma, juu ya ile mipira ya nyuma, mpaka Kindu.

Bulaimu